Pilipili Niliyoifinya

Juzi, sokoni Kitaji, niliona pilipili hoho nusu kijani, nusu nyekundu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwa bibi yangu, kijijini Mugeta. Nilikuwa nimeifinya hoho yake moja bustanini kwa ukucha, ingawa alinikataza kuzigusa. Siku chache baadaye niliikuta imeingia weusi, na wekundu unapanda kutoka chini. Niliamini ni damu, na kwamba inakufa kwa sababu yangu.

Nilikimbilia ghalani, nikajifukia kwenye pamba. Palinuka vumbi na mbegu. Nje, bibi aliniita, kwanza taratibu, kisha kwa sauti inayotetemeka. Nilidhani ni hasira.

Alipofungua mlango nikapiga kelele. "Bibi, usinipige! Nimeiua hoho yako, inatoka damu!"

Alikaa kwenye pamba, akanivuta kifuani.

"Mjukuu wangu, hoho zinaivaga hivyo," alisema. "Mimi nimetoka kukuchungulia kisimani."

Tulikaa pale mpaka ng'ombe wakarudi, na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake.