Bunduki Aliyoichagua Marthe

Swala pala wa jana wananing'inia kwenye ndoano, na Alexis anapita katikati yao na kisu kifupi mkononi, polepole, kama mtu anayetazama wagonjwa wodini. Chumba hiki cha nyuma ya bucha, hapa Randburg, pembeni mwa Johannesburg, ni baridi kuliko nje, na nje ni Juni.

Anaweka kidole kwenye tundu lililo nyuma ya bega la pala mmoja. "Huyu hakuteseka," anasema. "Alikuwa anakula majani yake, basi."

Wa pili kapigwa tumboni. Huyo kaletwa na mwindaji wa mjini anayetaka nyama ya kukausha. Alexis anakata pande zima lililoingia damu, analitupa ndooni.

"Huyu alikimbia. Alikimbia sana. Mimi sikuwapo, lakini nyama inasema."

Ni kwa ajili ya swala wa namna hii kanuni zimebadilika. Bucha hili huwapunguzia swala wenye mashamba ya wanyama kila majira ya baridi, na mwanzoni mwa mwaka huu wa 2018 chama cha wenye mashamba hao kilikata shauri. Risasi ndogo marufuku, hata kwa pala. Na hakuna tena kupiga kwa bunduki ya kuazima: kila mpigaji awe na yake, na leseni yenye jina lake.

Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la kwenda dukani. Kwa Alexis lilikuwa jambo la kupita mlangoni kwake mwenyewe.

Ni mtu wa Mwenga, Kivu ya Kusini, mwenye miaka arobaini na minne. Alipofika Johannesburg alilinda magari ya watu, akaosha sakafu za bucha, akapewa kisu cha kuchuna. Kisha siku moja tandala aliyejeruhiwa alipotea vichakani, wawindaji wakakata tamaa, na yeye akamfuata kwa nyayo mpaka alipolala. Tangu hapo mwenye bucha, Mzee François, akawa anamchukua shambani na kumfundisha kulenga. Kwa miaka sita Alexis amepiga kwa bunduki ya François, François akiwa ubavuni mwake kama sheria inavyotaka.

Sasa magoti ya mzee yamegoma.

"Nimeona wapigaji wengi," anasema François, amekaa juu ya kreti, mguu kaunyosha. "Wengi wanapenda kupiga. Huyu anapenda kungoja. Lakini bila leseni yake, baridi ijayo nitatafuta mtu mwingine. Nimemwambia uso kwa uso."

Kuchuna humpa Alexis rand elfu nne na mia mbili kwa mwezi. Kupiga, miezi ya baridi, humwongezea karibu kiasi hicho hicho, na hicho ndicho kinachomweka binti yake Benita shuleni.

Shida ni kwamba nyumbani kwa Alexis, bunduki haitajwi.

Wanakaa mtaa wa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Mkewe, Marthe, hushona nguo hapo hapo dirishani. Bunduki ikitokea kwenye televisheni, Marthe huinuka kwenda kuangalia sufuria, hata kama jiko limezimwa. Alexis alijua kuwa mdogo wake Marthe, Pacifique, alikufa kwa risasi huko kwao. Akadhani ni vita, kama ilivyo kwa wengi, na hakuwahi kuuliza zaidi. Kidonda cha mtu hakipapaswi.

Basi akafanya kosa. Leseni inadai kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti. Akaona alete kabati kwanza, maneno yatafuata. Jirani yake Mussa, fundi viatu kutoka Tanzania, alimsaidia kulibeba ngazini.

"Bwana Alexis, hili kabati au umemweka bosi wako humu?" Mussa aliuliza akihema.

"Beba, ndugu yangu. Utacheka ukifika juu."

Marthe alifurahi kupita kiasi. Bellevue wezi hawana likizo. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaweka humo karatasi zao za ukaaji, vyeti vya Benita, na vitenge vya harusi yake, vimekunjwa vizuri. Akamshika mumewe mkono, akamwambia, "Papa Benita, leo umenifikiria."

Alexis akanyamaza. Akanyamaza kesho yake na kesho kutwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mwishowe askari polisi anayeshughulikia maombi ya leseni alimwambia kwamba watampigia simu mkewe, kumuuliza kama ana hofu yoyote. Jioni hiyo, bukari, ugali wa kwao, ikiwa mezani, Alexis alisema yote.

Marthe hakupiga kelele. Alinawa mikono, akafungua kabati, akatoa vitenge kimoja kimoja, akavipanga kitandani.

"Ningependa angenitukana," anasema Alexis. "Matusi yanaisha. Vile vitenge vilikaa pale kitandani, tukalala pembeni yake."

Siku zilizofuata Marthe alizungumza naye kupitia kwa binti. "Mwambie baba yako chai iko tayari." Benita, ambaye akiudhika hujibu kwa Kizulu, safari hii alijibu kwa Kiswahili: "Mama, baba yuko hapa. Anakuona, unamuona."

Ndipo Marthe alipoeleza. Haikuwa vita. Kulikuwa na askari mmoja mpole, aliyepanga chumba kwao, aliyewapasulia kuni bila kuombwa. Alikuja kula, akaegemeza bunduki ukutani, akamwambia bibi yao: Haina kitu, msiogope. Ikateleza, ikalia. Pacifique alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Watu wananiuliza, vita ya mwaka gani?" anasema Marthe. Mguu wake unasimamisha cherehani. "Nawaambia si vita. Ni 'haina kitu'. Maneno yale ndiyo yalimuua ndugu yangu."

Alexis alimwambia ataacha, atabaki na kisu chake. Marthe akatikisa kichwa. "Mimi sikusema uache. Nasema sitaki kuambiwa. Nataka kuona."

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata waliingia watatu katika duka la silaha: François na fimbo yake, Alexis na shati lake la kanisani, na Marthe na mkoba ameukumbatia kifuani.

François alishachagua. Bunduki ya kuvuta komeo, yenye risasi tano tumboni na darubini juu. Alexis alipoiweka begani ilikaa kana kwamba ilipimwa kwake. "Niliipenda," anakiri. "Sitadanganya."

"Haina kitu, mama," muuzaji alimwambia Marthe, maana alimuona amerudi nyuma hadi mlangoni. Hakujua amesema nini.

"Nionyeshe," akasema Marthe.

Muuzaji akavuta komeo. Marthe akasogea, akainama, akachungulia. "Naona giza."

"Ndiyo, mama, ni tupu."

"Giza si tupu. Giza ni giza."

Muuzaji akaeleza kwamba komeo likichomolewa lote, mtutu unaonekana hadi mwisho. Marthe akamgeukia mumewe. "Utalichomoa kila siku? Hata siku umechoka? Hata siku mvua inanyesha?" Alexis akaisukuma bunduki kando, maana anajijua.

Walitazama nyingine, na nyingine. François akaanza kuangalia saa. Kisha muuzaji akashusha kutoka rafu ya chini bunduki iliyokwishatumika, ya risasi moja tu, inayokunjika katikati kama mkono kwenye kiwiko. Risasi yake inatosha kwa kanuni mpya, hata kwa tandala. Akaikunja, akaielekeza dirishani. Marthe akachungulia.

"Niliona robot ya barabarani, ile taa ya kuongoza magari," anasema. "Ilikuwa nyekundu. Nikangoja mpaka ikawa kijani, nikiwa bado naitazama mle ndani. Nikasema, hii."

"Risasi moja," François alinung'unika. "Na ukikosa?"

"Basi nimekosa," Alexis akamjibu. "Pala atakwenda zake, mimi nitarudi kesho."

"Eish, Alexis. Mkeo ndiye aliyepaswa kuwa mwanafunzi wangu wa kwanza," mzee alisema, akatoa kalamu kuandika barua ya kumdhamini.

Bunduki bado iko dukani, kwenye rafu ya chini, ikingoja leseni. Huenda majira haya ya baridi yakapita bila hiyo. Alexis anachuna na kusubiri. Simu ya polisi ilikuja wiki iliyopita. Marthe aliulizwa kama anaogopa mumewe kuwa na silaha.

"Ninaogopa," alijibu. "Lakini hiyo nimeiona."

Vitenge vimerudi kabatini kwa sasa. "Mpaka mgeni afike, nyumba ni yangu," anasema.

Mipango yao wameshaiweka. Alexis akirudi kutoka shambani hatapita kizingiti. Atasimama nje, ataikunja, atauelekeza mtutu kwenye taa ya ukumbi wa nje, na Marthe atachungulia kutoka ndani. Akiona mwanga, atasema ingia, na bunduki itakwenda moja kwa moja kabatini. Ndipo atakapopokea maini ya pala wa kwanza, ayapike.

"Na usipoona mwanga?" Alexis anamuuliza, nusu kwa utani.

Marthe anakata uzi kwa meno, analigeuza vazi upande wa pili.

"Utakaa huko huko nje na pala wako," anasema, "mpaka niuone."