Risasi ya Kusubu na Bendera Nyekundu

Mwaka 2022, wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na mashambani yamebaki mabua tu, nikiwa na umri wa miaka hamsini na nane na miezi mitatu, nilijiaibisha mbele ya kijiji kizima, wala simsingizii mtu, maana aibu ile niliitengeneza mwenyewe mezani kwangu, miwani usoni na kamusi mkononi.

Marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 4 Machi 2021, alikuwa mwindaji mwenye leseni, naye aliacha bunduki (si gobore, tafadhali, bali ile ya kuwindia, ya kuvuta komeo na kulirudisha kila unapotaka kufyatua). Ili leseni ihamie kwenye jina langu, nilitakiwa kufanya jaribio mbele ya afande wa silaha kutoka wilayani: risasi tano, umbali wa hatua hamsini, na tatu angalau ziingie kwenye karatasi. Nikishindwa, ombi lililokuwa likingoja nyuma ya langu lilikuwa la shemeji yangu Ngasa, mdogo wa marehemu, ambaye tangu siku za matanga hakuchoka kuniambia, "Shemeji, bunduki hailali nyumba ya mwanamke. Utaisongea ugali?"

Nilikuwa nimejiandaa. Bunduki ilihifadhiwa kwa Fundi Malale, rafiki wa marehemu mwenye kibali cha kutengeneza silaha, na mbele ya macho yake nilifanya mazoezi kwa zile risasi za dukani, zilizovishwa koti la shaba, nikawa napiga nne au tano kati ya tano (sijisifu, karatasi ninazo). Lakini Alhamisi tarehe 11 Agosti, siku mbili kabla ya jaribio, nikaona zile za koti la shaba zimebaki chache, na kuzipata nyingine ni kibali na safari ya Mwanza, nikaona nisizimalize, nikamwambia fundi anisubie nyingine kwa risasi tupu isiyo na koti, yaani kuyeyusha madini hayo na kumimina kwenye kalibu, kama alivyokuwa akimsubia marehemu zamani.

"Mayu, mama yangu, nitasubu," akasema, "ila mtutu huu umelambwa na shaba miaka kumi na mitano. Shaba ikibaki mle ndani, risasi laini inanata juu yake kama ugali kwenye sufuria isiyooshwa. Nipe wiki niusugue, halafu tuzijaribu. Usiende nazo Jumamosi."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisoma nikiwa mtu mzima, nikapata cheti cha kidato cha nne mwaka 2014 nikiwa na miaka hamsini kamili, na mtu aliyesoma kwa kuchelewa ana ugonjwa wake: akikutana na neno, lazima alishinde. Nikafungua kamusi, nikamsomea fundi wa watu kwamba risasi, kwanza, ni madini laini ya rangi ya kijivu, na pili, ndiyo kile kitu kitokacho kwenye bunduki.

"Umesikia, fundi? Risasi ndiyo risasi. Mgeni hapa ni hiyo shaba. Bunduki itamkataaje mwenye nyumba?"

Fundi Malale akaniuliza, "Kamusi hiyo imeshawahi kupiga hata kanga?"

Nilimjibu kwamba asinidharau, asubu tu, naye akasubu. Nikapitisha kitambaa mtutuni mara mbili, nikachungulia, nikaona panang'aa, nikaridhika. (Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kilichokuwa kinang'aa ni shaba yenyewe.)

Jumamosi tarehe 13 Agosti watu walijaa. Niliwaalika mwenyewe, wanakwaya wenzangu wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu nilitaka Ngasa ashindwe hadharani na si kwa kunong'onezwa. Karatasi ilibandikwa kwenye ubao, nyuma yake kichuguu kikubwa cha kupokea risasi, na kando ya ubao ikasimikwa bendera nyekundu kwenye mti mwembamba. Mzee Gamba, aliyekuwa ng'ambo ya korongo na ng'ombe wake wenye kiu, aliambiwa waziwazi: bendera ikiwa juu, usivuke kwenda lamboni, ikishuka, jaribio limekwisha, pita.

Risasi ya kwanza iligusa ukingo wa karatasi. Wanakwaya wakapiga vigelegele. Ya pili sikuiona ilikokwenda. Ya tatu ilipasua karatasi kwa ubavu, tundu refu kama kovu, ishara kwamba ilifika ikiwa inabiringika, na afande akaikubali kwa shingo upande. Ya nne ilitimua vumbi mbali kushoto, na Ngasa akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika huku akitaka, "Gashi! Kumbe shabaha ni kijiji cha pili."

Nilibakiwa na moja, nami nilihitaji iingie. Nikashusha pumzi, nikafyatua.

Mti wa bendera ukakatika katikati. Bendera ikaanguka taratibu, kwa heshima zote, na Mzee Gamba, mtu mtiifu, akapiga mluzi. Ng'ombe wakaibuka kutoka korongoni kama arobaini hivi, wakapita kati yangu na shabaha, mmoja akauangusha ubao, mwingine akaondoka na karatasi imenasa kwenye pembe.

"Weka chini silaha!" afande akapiga kelele. "Nani ameruhusu mifugo?"

"Bendera imeshuka!" akajibu Mzee Gamba kutoka kule, akaongeza na salamu. "Mwangaluka, afande!"

Hata wanakwaya wangu walicheka. Tangu siku hiyo naitwa Mama Bendera, hata na watu ninaowadai heshima.

Afande aliichukua bunduki ikahifadhiwe kituoni, akaniagiza niandike maelezo kwa kamati ya wilaya inayoamua leseni. Fundi Malale alinijia kwa upole, akasema niandike tu kwamba mtutu ulikuwa na hitilafu, wala usingekuwa uongo. Niliketi na karatasi ya maelezo siku tatu. Ngasa alikuwa anasubiri, na ukweli wote ungempa ushindi. Mwisho niliandika kurasa mbili, na sentensi iliyonigharimu kuliko zote ilikuwa fupi: "Fundi alinionya, nami nilikataa kumsikiliza kwa kiburi."

Miezi ikapita, nikachoka kuulizwa. Januari kamati, ikiwa imesoma maelezo yangu, ikaniita nirudie jaribio kabla ya kugusa ombi la Ngasa, kwa risasi za dukani, mtutu ukiwa umesuguliwa. Kwenye uwanja wa kituo tulikuwa wawili tu, mimi na afande. Tano kati ya tano. Nikageuka nyuma kwa mazoea kutafuta vigelegele. Palikuwa na ukuta.

Nilipoitwa kuchukua leseni nilimwomba afande afike kijijini japo mara moja, awaambie watu. Akatikisa kichwa. "Mama, sisi hatutangazi waliofaulu."

Nikaapa moyoni kwamba sitamwalika tena mtu kuja kunitazama nikimshinda mwingine. Nikavuta daftari, nikatia saini, nikaandika tarehe kabla hajanielekeza: Alhamisi, 9 Februari 2023.