Neno la Dhani

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanzu mpya na majivuno yangu yote. Nilikuwa mkalimani, yaani mtu wa kusimama kati ya wawili na kumfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake, katika duka la tajiri wa Kihindi hapa Bagamoyo. Tajiri aliniambia, "Athumani, neno usilolijua, sema hulijui." Nikaitikia, "Inshallah, Seti," maana ndivyo tulivyowaita matajiri wa Kihindi. Lakini miaka miwili ya kwanza sikusema hivyo hata mara moja, maana niliona mkalimani asiyejua heri awe hamali.

Mwaka wa tatu akaja Mzungu, mpimaji wa nchi, kuandika wapagazi wa kwenda mlima mkubwa wa Uchagani. Kiswahili alikijua. Alitaka mnyapara, msimamizi wa wapagazi, aliyezoea baridi. Seti akamleta Dhani, mlinzi wa ghala lake, mtu mfupi mpole kutoka Nepali, nchi iliyo kaskazini ya Bara Hindi. Dhani aliitamani mno kazi ile. Miaka mingi hakuona mlima, na Bagamoyo, alisema, ni bapa kama sinia.

Seti akarudi kwa wateja wake, na Dhani, asiyejua Kiswahili, akaeleza kwao kwa Kihindi, nami nikafasiri. Chini ni tambarare ya joto na mpunga. Katikati ni vilima vilivyokatwa ngazi ngazi, kila ngazi shamba, na huko ndiko wanakokaa watu wengi. Juu wako wafugaji, ambao huvuka milima kuleta chumvi migongoni mwa kondoo na kuibadilisha kwa nafaka. Vijana, ardhi ikiwabana, huenda ugenini kuwa askari. Hayo niliyafasiri sawasawa.

Kisha akasema vilele vyote vimefunikwa "baraf", nyeupe, na mtu akilala juu yake miguu imelowa, vidole hufa. Neno lile sikupata kulisikia. Nyeupe, ya mlimani: nikajiambia ni chumvi ile ile. Nikasema, "Bwana, vilele vya kwao vyote ni chumvi." La vidole nikaliacha, maana chumvi haiui vidole.

Mzungu akacheka. "Vilele vizima vya chumvi, na bado wanasafiri kuitafuta? Mwongo simchukui."

Dhani akaniuliza, "Bhai Athumani, ndugu yangu, amesemaje?"

"Nafasi imejaa," nikamjibu. Aliniinamia kwa adabu, akarudi ghalani. Baada ya mwezi akaondoka kwenda kwao.

Msafara uliporudi, Mwinyimvua, mpagazi wa Fukayosi, alibebwa kwa machela. Vidole vya mguu wa kulia havikuwapo.

"Kule juu tulilala juu ya kitu cheupe," aliniambia, "kinaunguza bila moto. Wewe ndiye mkalimani, kinaitwaje?"

Nilijua papo hapo. Neno la Dhani lilikuwa ulimini. Nikasema, "Sijui, ndugu yangu."

Siku hizi barafu inauzwa Dar es Salaam pamoja na samaki, na kila mchuuzi anaitaja kama Dhani alivyoitaja. Sikuhitaji hata kulifasiri neno lile; ningelitamka tu nilivyolisikia. Nimestaafu, nalima Fukayosi, na Mwinyimvua ni jirani yangu. Huchechemea kuja kuniletea mihogo, na bado huniita Mkalimani. Naona haya kuipokea, na naipokea.

Ninyi vijana mnaoshika kazi hii, msiogope kusema hamjui. Mimi nilisema mara moja tu maisha yangu yote, na siku hiyo nilikuwa najua.