Nilivyoizoea Damu

Nilitoka Kibugu kwenda Meru kusomea uuguzi nikiwa na hakika kwamba chuo kizima kitanishangaa. Kitabuni nilikuwa moto. Mishipa ya mwili niliitaja kama mtu anayetaja ndugu zake. Kisha tukapelekwa wodi ya kujifungulia.

Nakumbuka mama mmoja akisukuma, mkunga akimhimiza, na damu kidogo. Kidogo tu. Nilipofungua macho nilikuwa nimelazwa kitanda cha pembeni, na mama yule, mtoto wake tayari kifuani, ananiuliza, "Daktari, unajisikiaje sasa?"

Mara ya pili nilianguka na trei ya vifaa. Mwalimu wetu, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, aliniita kando.

"Kwenye karatasi unaongoza darasa," akasema. "Lakini wagonjwa hawalazwi kwenye karatasi. Fikiria kozi nyingine."

Nilifikiria. Nikamwona akilini mama yangu shambani, akiwa amewaambia wachumaji chai wenzake wote kwamba mwanawe atawatibu. Kurudi nyumbani kulinitisha kuliko damu.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja mwenye bucha pale Makutano, nikamwomba niwe nasimama humo asubuhi kabla ya masomo, niangalie tu.

"Uangalie nini?"

"Damu, mzee."

"Kijana, wewe unaumwa?"

"Nasomea uuguzi."

Alicheka hadi akaweka kisu chini. Alinikubalia, kwa sharti kwamba nikianguka nisiangukie nyama.

Wiki ya kwanza nilisimama mlangoni, rangi imenitoka, nimeshika fremu. Wateja walidhani naomba mifupa. Mama mmoja alininunulia maini kwa huruma. Baadaye mzee alinivisha aproni, nikawa namshikia mguu wa mbuzi akikata. Ikafika siku mteja akaniagiza mbavu mimi mwenyewe, si mzee. Nilimkatia vibaya kiasi kwamba alirudisha, lakini nilikuwa wima, na mikono yangu imelowa damu hadi viwiko. Niligundua hilo nikiwa tayari nanawa.

Mtihani wa vitendo niliufanya wodini mlemle nilimoanguka. Nilimpokea mtoto, nikamfuta, nikakata kitovu, nikamweka kifuani kwa mamake, kisha nikabaki nimesimama katikati ya chumba nikisubiri kuanguka. Sikuanguka.

"Umepita," mwalimu akasema. "Ila jasho lako limemdondokea mgonjwa. Nimekukata alama kwa hilo."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia, ambako nilidhani hakuna mtu. Kulikuwa na wafuaji wote wa hospitali, wamekaa wanakunywa chai. Walinikaribisha kikombe bila kuniuliza kitu.

Mtihani wa mwisho wa leseni niliupita vizuri sana. Nilipompigia mama simu, alipiga vigelegele papo hapo shambani, halafu akaniomba niende nyumbani wikendi nimpime shangazi presha. Mashine sikuwa nayo. Nilienda hivyo hivyo. Nilimshika shangazi mkono, nikaangalia saa, nikakunja uso kama bingwa, nikamwambia apunguze chumvi na aende kliniki Jumatatu akapimwe vizuri.

"Ya nini tena?" akasema, akijinyoosha. "Nimeshapona."