Wafu Wanaopitisha Maji

Mvua ikinyesha mtaani Kabondo, watu huuliza habari za wafu. Hawaulizi kama wako peponi. Swali hilo wameyaachia makanisa, na makanisa hayapungui. Huuliza nani ameziba. "Caporal Daudi ameziba tena," atasema mtu aliyesimama mlangoni, suruali imekunjwa hadi magotini, na jirani atajibu kwamba Daudi hata alipokuwa hai alikuwa mzito wa kuamka. Kisha mtu wa nyumba ya kina Daudi atatoka na jembe, atazoa chupa za plastiki na maganda ya mihogo, na caporal ataendelea na kazi.

Mambo yalianza hivi. Wazee wa Umoja wa Askari wa Zamani waliahidiwa mnara wa kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Waliahidiwa zaidi ya mara moja, na watu waliovaa suti nzuri. Safari moja hata jiwe la msingi liliwekwa. Mwenye baa wa karibu analitumia siku hizi kuzuia mlango usipigwe na upepo. Wazee walipochoka kungoja, walitazama walichonacho. Walikuwa na mabeleshi, ndoo ya rangi ya buluu iliyobaki kanisa fulani lilipopakwa, na mtaa ambao haukuwa na mtaro wa kustahili jina hilo. Wakaamua kila askari aliyeanguka apewe kipande chake cha mtaro mbele ya nyumba ya kwao. Wazee wanachimba, wanapigilia kigingi cha buluu chenye jina, wanapiga saluti, na tangu siku hiyo familia inasafisha. Marumaru ingependeza zaidi, lakini haipitishi maji.

Wazo lilikuwa la Adjudant Henri Lokangu, mzaliwa wa Isangi, mtoto wa wavuvi, aliyeingia jeshini akiwa kijana na kupelekwa kikosi cha génie, yaani wale ambao wenzao wakipiga risasi wao wanachimba. Jeshi lilibadilisha jina, bendera na maadui. Henri aliendelea kuchimba. Alichimba mahandaki ya serikali, kisha ya walioipindua, na kwa majuma machache yenye mkanganyiko alichimba ya pande zote mbili, kwa kina kilekile. Alistaafu na goti bovu, bereti, na imani kwamba kitu pekee kinachokosekana katika taifa hili ni mteremko.

Sheria za mtaro alizitunga yeye. Jina haliokotwi barabarani: sharti liletwe na baba, mama au mjane. Na bila marehemu hakuna mtaro. Yule mwenye baa alipoomba kipande mbele ya baa yake, kwa sababu za biashara, Henri alimwambia, "Tafuta maiti kwanza, mukubwa," na hakuwa anatania.

Kwenda kuyatafuta majina kulikuwa pia kazi yake. Alifika jioni na bereti kichwani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa bia. Familia zote zilikuwa na habari njema. Simu ya mtoto iliwahi kuita mara moja. Binamu alimwona sokoni Bunia. Henri alisikiliza yote hadi mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mama, tupatie jina." Kwa jirani yake Fatouma, mama wa Kiislamu wa zile familia za zamani za mji huu, anayekaanga mikate ya kuuza asubuhi, alikwenda jioni nyingi kabla ya mama huyo kulitoa jina la mwanawe Alfani. Leo kigingi cha Alfani kimesimama mbele ya nyumba yake, na kwa muda mrefu hapakuwa na kipande safi kuliko hicho katika barabara nzima.

Halafu mtoto wa Henri mwenyewe, Sergent Glodi, akapelekwa vitani mashariki, na simu yake ikaacha kupokelewa, kisha ikaacha hata kuita.

Habari ilikuja na Franck, rafiki yake wa kikosi, aliyefika kwa pikipiki kupitia Bafwasende, tope hadi kwenye nyusi. Alikaa uani mbele ya Henri na mkewe Angélique, akashika chai bila kuinywa.

"Papa, nilimuacha anakaa," alisema. "Chini ya muti. Aliniambia: wende, mi nitakuya."

"Alikuwa anakaa," akasema Henri.

"Anakaa, ndiyo."

"Mutu mwenye kufa hawezi kukaa."

Angélique alikuwa akichagua mchele kwenye sinia. "Alikaa sababu miguu ilikatala, Papa Glodi. Sikia muzuri."

"Mama, damu ilikuwa mingi," Franck alisema, akitazama viatu vyake.

"Damu iko mingi kwa kila mutu," alijibu Henri, akamwuliza kama barabara ya Bafwasende bado ina madaraja.

Tangu siku hiyo Angélique alitaka kulia, na mumewe hakumpa nafasi. Angeweza kwenda mwenyewe kwa wazee. Mama anaruhusiwa, sheria inasema. Alimngoja. Henri, ambaye mtaa mzima ulimwita Papa Glodi kutwa mara zisizo na idadi, hakuweza kulitamka jina hilo mbele ya wenzake. Aliwaambia kwamba mawasiliano ya mashariki ni mabaya. Alisema kuna wafungwa wengi wasioandikwa popote. Kuna mtu huko Beni aliyeona sura kama ya mwanawe. Wazee walisikiliza yote hadi mwisho, kwa adabu. Walikuwa wamejifunza kwake.

Jambo hili lingebaki la ndani ya nyumba kama maji yasingekuwa na maoni. Mtaro ulikuwa umefika nyumba ya jirani wa juu wa Henri, na ulianza tena kwa jirani wa chini, kwa Alfani. Mbele ya Henri palikuwa na ardhi tupu. Maji yaliteremka vizuri kutoka kwa marehemu hadi kwa marehemu, yakafika kwa aliyebuni mpango wote, yakakosa njia, yakaingia kwa Fatouma.

"Papa Glodi," Fatouma alimwambia akiwa ng'ambo ya ukuta, mwanzoni mwa mvua, "maji yako imekuya kunisalimia tena."

"Iko mvua ya Mungu, Mama Alfani."

"Ya Mungu, ndiyo. Lakini inapita kwako kwanza."

Henri alikwenda kwa Papa Bilali, rais wa umoja, capitaine mstaafu. Wawili hao walikuwa pande mbili za vita vilevile, na hawajawahi kukubaliana nani alishinda.

"Ile kipande ya mbele yangu," alisema Henri, "tuipatie soldat inconnu, askari asiye na jina."

Bilali alifikiri. "Bon. Na nani atasafisha?"

"Mi."

"Donc inconnu iko na baba."

Henri alitazama ukutani, ambako kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

"Mon adjudant," Bilali akasema taratibu, "sheria iko yako. Mi sikuandika hata virgule."

Basi Henri akaamua kuchimba kama raia wa kawaida. Asubuhi moja alitoka na beleshi bila bereti, ili pasiwe na utata, amevaa fulana ya timu ya mpira iliyotoboka kwapani. Alikuwa hajafika kina cha kifundo cha mguu pale mwendesha toleka alipofunga breki, akamshusha abiria wake kwenye baiskeli, akavua kofia. Abiria naye alisimama. Mwanamke aliyebeba beseni la samaki akalitua chini. Kisha Fatouma akatoka kwake na mkeka kwapani na sukari ndani ya mfuko, akampita Henri bila salamu, kama watu wanavyompita mfiwa asichoshwe na maneno, akaingia uani na kutandika mkeka kando ya Angélique.

Kabondo nzima inajua maana ya askari mzee kuchimba mbele ya nyumba.

"Ni maji tu," Henri aliwaambia wa barabarani. "Nachimba njia ya maji."

"Pole sana, Papa," alisema mwendesha toleka.

Kutoka uani ilisikika sauti ya Angélique, ya chini, ya mtu aliyeruhusiwa hatimaye. Henri alisimama na beleshi mkononi, akasikiliza. Kisha akaanza kurudisha udongo shimoni. Aliurudisha wote, akaushindilia kwa buti, tabaka kwa tabaka, kama alivyofundishwa. Fatouma akakunja mkeka wake, akarudi kwake na sukari yake. Angélique hakumsemesha mumewe siku hiyo, wala iliyofuata.

Henri alikuwa fundi mzuri. Udongo alioushindilia haukuacha hata ufa, na mvua kubwa ya juma lile ilipoteremka ilikuta mbele ya nyumba yake kitu ambacho hapo awali hakikuwapo: tuta. Maji yote ya barabara yaligeukia kwa Fatouma. Jiko lake lilikuwa la matofali mabichi. Kulipopambazuka ukuta ulikuwa chini, na unga wa mikate ulikuwa uji.

Fatouma alikuja asubuhi hiyo, sketi imelowa hadi kiunoni, akasimama mlangoni.

"Papa Glodi, ukuta imelala."

"Nitajenga, Mama Alfani. Leo."

"Utajenga. We unajua kujenga." Hakupandisha sauti. "Ulikuya kwangu mara mingi, na bereti yako. Nilikuambia Alfani iko Kampala, anauzisha simu. Unakumbuka ulisema nini? Ulisema, mama, Kampala iko mbali, lakini haiko mbali hivyo. Nilikupatia jina. Sasa wende uangalie. Alfani yangu iko kavu, na mi niko ndani ya maji."

Akaenda kuokota matofali yake. Henri alibaki amekaa. Angélique alikuja, akaweka bereti juu ya goti lake, lile bovu, akaingia ndani kuvaa ili waende pamoja kwa wazee.

Jumamosi wazee walikusanyika mbele ya nyumba na mabeleshi yao, wachache kuliko mwaka jana. Ukuta wa jiko la Fatouma ulikuwa umeshasimama tena, mbichi bado. Henri alisimama mahali pake pa siku zote, akanyoosha mgongo, akauliza kama alivyouliza mbele ya nyumba zote, "Nani analeta jina?"

Henri alingoja. Alitazama kulia na kushoto, kwa subira ile ya kikazi, akitafuta baba au mama wa marehemu ajitokeze. Bilali alikohoa.

"Papa Glodi," Angélique akasema nyuma yake, "ni we."

Mtu mmoja alihamisha beleshi kutoka bega hili kwenda bega lile.

"Lokangu Glodi," alisema Henri. "Sergent." Kisha akaongeza, kana kwamba kuna mwandishi anayehitaji maelezo, "Alikuwa anakaa."

Wakachimba. Henri mwenyewe alipima mteremko kwa kamba, akawasahihisha mara mbili. Bilali alitaka tarehe iandikwe kwenye kigingi, Henri akasema, "Jina tu." Kigingi alikipigilia yeye, na wenzake wakaona jambo ambalo hakuna aliyelisema. Vigingi vya wengine alivizamisha hadi nusu, kwa nyundo kubwa. Hiki alikigonga kidogo kwa kiganja. Kilisimama. Kuku angeweza kukiangusha. Wazee walipiga saluti, na Angélique akalia, safari hii pamoja na Fatouma, na sukari ikatumika.

Mvua iliyofuata ilipita. Iliteremka kutoka juu, ikaingia kwa Glodi, ikatoka kwa Glodi ikaingia kwa Alfani, ikaenda zake mtoni bila kugusa ukuta wa mtu. Fatouma alisimama mlangoni kwake na kijiko cha kukaangia mikate mkononi. "Anapitisha," alisema.

Kigingi hakikuwapo. Maji yalikuwa yamekichukua.

Henri alikifuata, akichechemea kando ya mtaro, akainama kuangalia kwa kila marehemu. Alikikuta kwa Caporal Daudi, ambaye alikuwa ameziba. Kilikuwa kimekwama kati ya chupa na tawi, rangi ya buluu imechubuka, jina bado linasomeka. Alizoa takataka kwanza, kwa kuwa maji yalikuwa yanapanda, kisha akarudi nacho nyumbani.

Angélique alikuwa uani, akichambua pondu, majani ya mihogo ya chakula cha jioni. Alimwona akiingia, akichukua nyundo kubwa nyuma ya mlango, akitoka. Aliisikia ikipiga. Alihesabu bila kutaka, kisha akaacha kuhesabu, kwa sababu ilichukua muda mrefu.