Mipira ya Baldur Iliyokwenda Isikotumwa

Baldur alikuwa na hakika kwamba mchezo unamwonea. Si mchezo wa uwanjani. Huo magoti yake yalishaukataa, na hata yangekubali, uwanja wetu hapa mjini Gimli hulala chini ya theluji mpaka karibu Mei. Nasema gofu ya mtandaoni, ya kuchezea kwa kipanya cha kompyuta. Unabonyeza fimbo ipande, unabonyeza tena kupima nguvu, kisha unabonyeza mara ya mwisho mstari unaokimbia ukifika kwenye alama. Basi. Lakini mipira yake ilipaa vizuri siku zote za mazoezi, na mechi ikifika ikaenda majini kana kwamba imeitwa.

Alinunua kipanya kipya. Akabadilisha waya wa intaneti. Akawaandikia wenye mchezo barua ya hasira, nao wakamjibu ajitahidi kubonyeza kwa wakati. Jibu hilo lilimkaa kooni, na mimi jirani yake, niliyekuwa naenda pale kwa ajili ya kahawa na keki ya plamu tu, nikalazimika kulisikia kila nikikaa. Mzee yule ana kichwa kigumu, ila nampenda.

Sasa alikuwa ameingia fainali ya kombe la majira ya baridi dhidi ya Garth, kaka wa mkewe, anayeishi mji wa Brandon na asiyejua kumhurumia mtu. Baldur aliapa kwamba akishindwa safari hii, mchezo anaufuta. Mkewe, Sigrun, aliniambia jikoni kuwa anaogopa.

"Akiuacha huo, atakaa dirishani kutazama theluji. Baba yangu alianza hivyo hivyo. Hatukukaa sana tukamzika."

Jumamosi mchana tukaketi nyuma yake, Sigrun akifuma sweta. Mkewe huyo alikuwa kwenye simu akimsimulia dada yake ugomvi wa kwaya ya kanisa, na Baldur akacheza mashimo ya mwanzo kwa ustadi mpaka Garth akaandika kwenye skrini: "Shemeji, leo umekula nini?"

Simu ikaisha. Baldur akabonyeza, mpira ukakata kushoto, ukazama.

"Umeona?" akaniuliza. "Nimebonyeza kwenye alama kabisa. Umeona wanavyonifanyia?"

"Huo umekwenda kuoga, shemeji," Garth akaandika.

Uliofuata ukaingia mchangani, na mwingine msituni. Walipofika shimo la mwisho walikuwa wamelingana. Baldur alibakiwa na pigo fupi la kusukumia mpira shimoni, la kumpa kombe. Akageuka, uso mwekundu.

"Sigrun, mbona umeacha kufuma?"

"Si unapiga?"

"Kwani huwa unaacha?"

"Mcheza gofu akipiga, watu wananyamaza. Si wewe ulinifundisha tukiwa wachumba, tena kwa ukali? Mechi ikianza nashika hata pumzi, ila leo dada alinishika kwenye simu."

"Na nikiwa kwenye mazoezi?"

"Mazoezi naongea. Nani ataninyamazisha nyumbani kwangu?"

Mzee alimtazama. Miaka yote ya ndoa alikuwa amezoea kufanya mambo yake huku sauti ile ikienda nyuma yake. Ilipokatika, mkono wake ulikuwa ukisubiri neno linalofuata.

"Basi ongea," akasema.

"Niongee nini?"

"Chochote, mke wangu. Usikae kimya tu."

Sigrun aliona haya. Kumsemesha mcheza gofu anapopiga, kwa watu wa huku, ni kama kupiga mluzi kanisani. Akaokota sindano zake, akaanza kufuma, akatafuta la kusema. Baldur akarudi kwenye skrini, akaanza kubonyeza.

"Siku ile uliyoniomba tuoane," Sigrun akasema, "nilikuwa nimeshafunga sanduku langu. Niende Winnipeg na mtu mwingine."

Baldur akabonyeza mara ya mwisho, akazungusha kiti. Mpira ulikuwa bado unabingirika. Ni mimi peke yangu niliyeuona ukitumbukia, na mimi peke yangu niliyeona pongezi za Garth zikijipanga kwenye skrini.

"Mtu gani?"

"Piga kwanza, mume wangu."

"Nimeshapiga. Mtu gani?"