Mama Eric na Vitabu vya Waliopotea

Mimi ni Mhindi, ninauza vitabu mjini Kisii, na sioni haya kusema kwamba vingi sivipendi. Vile vya majoka na vyombo vya angani ndivyo vilivyokuwa vikinikera kupita vyote. Dada yangu Megha, anayeishi Nairobi, hununua riwaya zilizokosa wateja huko na kunitumia maboksi bila kuniuliza. Mimi huzipanga kwenye rafu ya nyuma, karibu na madaftari, nikijua zitakaa hapo mpaka mchwa wazisome. Watu wa hapa hununua vitabu vya shule, Biblia na nyimbo za kanisa. Riwaya ya mtu mwenye mabawa nani ataipandisha milima mpaka Nyamira?

Aliyezipandisha ni Persis Nyanchera wa Gesima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mkavu wa maneno, Msabato wa kuzaliwa. Alikuja kununua kalamu, akaona kwenye rafu ya nyuma kitabu chenye picha ya mlango uliosimama peke yake shambani, bila ukuta wala nyumba. Akakishika muda mrefu. Nilipomuuliza kama anakitaka, akaniuliza yeye kwanza kama aliyeingia mlango huo anatoka. Nikamwambia sijakisoma. Akanitazama vile walimu wanavyomtazama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani, nami mzee wa nywele nyeupe nikaona aibu dukani kwangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila alipoletwa mjini na kliniki yake ya presha. Anachukua kimoja, anarudisha kingine, safi kama hakikuguswa. Nililalamika kwamba hili ni duka, si maktaba, lakini nililalamika kwa mdomo tu. Usiku wa kuamkia kliniki yake nilianza kuvisoma mimi pia, ili nisiaibike tena.

Watu walimwita Mama Eric, kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye akaniita Baba Mitali, kwa jina la mwanangu. Habari za Eric nilizijua kama kila mtu alivyozijua. Asubuhi moja alipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, akaweka gunia lake kwenye foleni, akamwomba aliyekuwa nyuma yake amshikie nafasi. Akaondoka kuelekea upande wa barabara. Foleni ikasogea, watu wakawa wanalisukuma lile gunia kwa miguu kila hatua, mpaka likafika kwenye mizani bila mwenyewe. Alitafutwa polisi, hospitalini, vyumba vya maiti, akatangazwa redioni kwa Kigusii. Miaka ilikuwa imepita mingi, na mdogo wake Manasseh, aliyekuwa mtoto wa shule siku ile, sasa alikuwa na ndevu.

Kwa hiyo nilielewa upesi anachokitafuta kwenye rafu yangu. Riwaya za siku hizi zimejaa watu waliopotea. Mama Eric alizisoma kama fundi anayesoma maelezo ya mashine iliyokataa kuwaka, na alizikosoa bila huruma. Ile ya wasafiri wa nyota waliorudi vijana na kukuta watoto wao ni vikongwe, aliisifu hesabu yake lakini akasema mwandishi hajui mama ni kitu gani, kwa sababu bandarini hakuweka hata mwanamke mmoja anayengoja. Ile ya mashine inayomchapa mtu upya, kila unywele mahali pake, aliirudisha kwa hasira. Alisema yule aliyerudi si yule aliyeondoka, na mke katika kitabu alikuwa mjinga kumpikia. Majoka aliyaonea kichefuchefu. Joka linakula kondoo kila siku, akasema, na katika kurasa zote hizo sijamwona mchungaji. Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Alisema kweli, na wala yeye hakucheka.

Kilichoanza kuniogopesha ni kitabu cha mji ulio chini ya ziwa. Ndani yake, waliochukuliwa na maji waliweza kurudi kama mtu wa damu yao angewaita kwa majina yao yote, bila kuacha hata moja. Alipokirudisha hakukikosoa. Alikiweka juu ya kaunta kwa upole, akaniambia kwamba alikwenda katikati ya michai yake jioni, ukungu ukiwa umeshuka, akamwita Eric kwa jina la ubatizo, la babu, na lile la utotoni ambalo hakuna aliyebaki hai anayelijua ila yeye.

Nikamuuliza ikawaje. Nilidhani atasema hakuna kitu.

"Kuna mtu aliitika," akasema. "Sauti ni ya Eric kabisa, Baba Mitali. Lakini Eric hakuwahi kuniitika na heshima namna hiyo."

Akachukua kitabu kingine, akaenda zake kliniki. Mimi nilibaki nimeshika kile cha ziwa, nikakirudisha ndani ya boksi na kulifunga kwa gundi. Ninafunga duka hili tangu baba yangu Vikram aniachie funguo, lakini siku hiyo nilitamani mtu mwingine akafunge upande wa nyuma.

Wakati huohuo Manasseh alikuwa amepata mchumba, msichana mwenye akili aitwaye Nyamusi. Wakwe walikuwa na swali moja, nalo lilikuwa la haki. Kwao mdogo hamruki mkubwa. Hajengi, haoi, kaka yake akiwa hajulikani yuko wapi. Je, kaka yuko hai au amekufa? Kama amekufa, kaburi liko wapi? Wazee wa ukoo wakasema jambo linalosemwa siku zote mwili usipopatikana: ukatwe mgomba hapo nyumbani, uwekwe kwenye jeneza, uzikwe mahali pa Eric, mambo yaishe, walio hai waendelee kuishi.

Mama Eric akakataa. Alikataa kwa wazee, akakataa kwa wifi zake, akakataa kwa Manasseh aliyepiga magoti. Kijana akaja dukani kwangu amefura, akisema ni vitabu vyangu vinavyomfanya mama yake asimzike kaka, na kwamba mimi ninacheza na maisha ya watu. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mama yake alianza kungoja kabla hajasoma hata ukurasa mmoja. Lakini alipotoka nilimhurumia, kwa sababu alikuwa anasema kweli kwa upande wake. Mwanamke yule alikuwa na wana wawili, na kumshikilia mmoja kulikuwa kunampotezea wa pili.

Kisha ghafla akakubali. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mgomba atauchagua na kuuandaa mwenyewe, na asiingie mtu shambani mpaka amalize. Wazee wakashukuru, wakaona ni uchungu wa mama.

Nilikwenda Gesima kwenye maziko. Mchungaji alikuwa amesema ataiombea familia lakini hataombea ndizi, kwa hiyo aliyeongoza ni mzee mmoja wa ukoo, Haron Nyamweya, mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Mgomba ulikuwa umeshafungwa ndani ya blanketi na sweta ya Eric, kifuniko kimepigiliwa. Wabebaji walinung'unika kwamba jeneza ni zito. Mtu akasema mgomba una maji. Kaburi lenyewe halikuwa refu, maana wachimbaji waliona hakuna wa kuwalaumu kwa mgomba. Wanawake wakaanza kulia kile kilio chao kinachopanda na kushuka, wakimtazama mama mwenye msiba aungane nao. Hakulia. Alisimama amefumba mdomo, akiangalia udongo mwekundu ukiingia, mpaka mmoja baada ya mwingine wakanyamaza na tukamaliza kazi katika ukimya. Nilirudi mjini nikiwa na baridi ambayo haikuwa ya milimani.

Manasseh akaoa, akajenga. Watu wakaanza kumwita mama yake Mama Manasseh, kama inavyotakiwa mtoto mkubwa akishazikwa. Mimi ulimi ulikataa, na yeye hakunisahihisha.

Mvua ndefu zilipokuja, kaburi likaota.

Manasseh ndiye aliyeniletea habari, na safari hii hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Chipukizi la mgomba lilikuwa limetoboa udongo juu kabisa pa kichwa. Nilipanda kwenda kuona kwa macho yangu. Mama Eric alikuwa ameketi kando yake juu ya kigoda, kitabu kimefungwa mapajani, na nilipomsalimia alijibu kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Nikamuuliza taratibu huu mgomba aliukata namna gani.

"Sikuukata, niliung'oa na mizizi yake," akaniambia. "Mtu hujui kama amekufa, utamkataje shina?"

Nilifikiri juu ya wale wabebaji.

Mgomba ukakua, na ulikua vibaya. Migomba mingine ya boma ilikuwa na majani yaliyochanwachanwa na upepo, kama ilivyo kawaida ya Gesima. Wa Eric majani yake yalikuwa mazima. Ikashuka mvua ya mawe iliyotoboa michai ya kijiji kizima, na asubuhi yake majani yale yalikuwa yamesimama bila hata tundu. Wazee wakaamua ukatwe. Wa kwanza aliyetumwa na panga alisema mkono umemuuma. Wa pili alisema panga ni butu. Wa tatu hakusema kitu, alirudi tu akaomba maji ya kunywa. Nyamusi, ambaye sasa alikuwa mjamzito, hakupita tena njia ya upande ule. Kwanza akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba kwenda kuteka maji, kisha akakataa kutoka nje akiwa peke yake, na mwisho akamwambia mumewe wazi kwamba hatazalia katika boma lile. Manasseh akatafuta chumba Mosocho. Hakumficha mama yake: mgomba ukibaki, wao wanaondoka, na mjukuu atalelewa mbali.

Hayo yote niliyapata kwa vipande, kwa sababu Mama Eric alikuwa ameacha kuja. Rafu ya nyuma ikashika vumbi. Nilijikuta ninamsomea Mama Eric asiyekuwepo, nikifika mahali pa kipuuzi ninajua kabisa angesema nini.

Akaja mchana mmoja wa siku ya soko, duka likiwa na wateja. Hakuwa na kitabu mkononi. Alitoa kwenye kikapu chana la ndizi fupi, za njano, nzuri sana, akaliweka juu ya kaunta. Nilijua zimetoka wapi kabla hajasema. Wateja wawili wa Gesima walijua pia, maana walirudi nyuma mpaka mlangoni.

Akaniambia mkungu umeiva na nyumbani hakuna atakayeugusa. Hata ndege hawaugusi. Alisema amechoka na vitabu, kwa sababu amegundua waandishi hawajui pia, wanabahatisha tu kwa Kiingereza kizuri. Anataka kujua jambo moja. Kama kule chini kuna mwanawe kwa namna yoyote ile, hatamkata, na Manasseh aende Mosocho na mjukuu wake. Kama hakuna, atamzika leo.

"Wewe uliniambia mnapikia wafu wenu," akasema. "Mama yako anawekea baba yako chakula juu ya paa. Nyinyi hamwogopi. Kula, Baba Mitali, halafu uniambie ni nini."

Mama yangu Geeta alikuwa ametoka chumba cha nyuma aliposikia duka limenyamaza. Alisimama kwenye pazia akinitazama. Nilimenya ndizi moja. Nilikuwa ninaogopa sana.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa ndizi kama ndizi nilizokula maisha yangu yote, na nilikuwa karibu kucheka kwa kufarijika. Kisha, katikati, jino langu likagonga kitu kigumu. Ndizi zetu hazina mbegu. Niliigeuza kwa ulimi, ilikuwa duara, ngumu kama kokoto, na ilikuwa na joto kuliko mdomo wangu. Halikuwa joto la jua, kwa sababu ndizi yenyewe ilikuwa baridi.

Alikuwa ananitazama mdomoni. Nyuma yake, nje ya dirisha, nilimwona Manasseh amesimama barabarani na mizigo miwili, na Nyamusi amekalia wa tatu, wote wawili wamegeukia duka langu.

Nikaimeza.

"Ni ndizi, Mama Eric," nikamwambia. "Ni ndizi tu."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na kile kilio alichokikataa Gesima kikamtoka hapo, mbele ya madaftari na kalamu, kwa sauti iliyowaleta watu kutoka maduka ya jirani. "Omwana one," alilia, mwanangu, "omwana one." Mama yangu, ambaye hajui neno la Kigusii, alimkumbatia wakakaa chini sakafuni pamoja. Manasseh aliingia mbio, akapiga magoti kando yao, na mama yake akamwambia arudi nyumbani akaukate, na autoe wote, na mizizi.

Aliukata siku ileile. Mtoto wao amezaliwa Gesima, na wamempa jina la Eric, kama wanavyowapa watoto majina ya waliokufa.

Mimi sijamwambia mtu. Ninakula vizuri, ninafungua duka kila asubuhi. Ila ile mbegu haijapoa.